Ukuta Mmoja, Serikali Mbili



Nimeombwa nizungumze juu ya usalama wa mabwawa. Huenda baadhi yenu mkauliza mwanasheria anatafuta nini penye kazi ya mhandisi. Ukuta wa bwawa hujengwa na mhandisi. Lakini nani aukague, kwa mamlaka gani, na nani ajibu ukibomoka, hayo ni mambo ya sheria.

Katiba yetu ya mwaka 2010 haikulisahau jambo hili. Jedwali la Nne limeutaja usalama wa mabwawa waziwazi na kuukabidhi serikali ya kitaifa. Jedwali hilo hilo limezipa kaunti huduma za maji na kazi ya kukabiliana na maafa. Yaani wa kuzuia msiba ni mmoja, na wa kuitwa usiku kuokoa watu ni mwingine.

Wako wanaodhani kwamba mgawanyo kama huu ni udhaifu wa nchi changa. Basi na tutazame Marekani. Katika jimbo la Michigan palikuwa na bwawa la Edenville, lililojengwa miaka ya 1920 kwa ajili ya umeme. Kwa kuwa lilizalisha umeme, lilisimamiwa na tume ya serikali kuu. Kwa miaka mingi tume hiyo ilimwamuru mwenye bwawa apanue njia za kutolea maji ya ziada, naye akawa anaahidi na kuahirisha. Mwezi Septemba 2018 tume ikachoka, ikamfutia leseni.

Hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini. Leseni ilifutwa, ukuta ulibaki pale pale, na maji nyuma yake. Bwawa lisilozalisha umeme halikuwa tena chini ya tume, likaangukia mikononi mwa jimbo, lenye ofisi ndogo ya wakaguzi na mabwawa zaidi ya elfu moja. Serikali kuu ilikuwa imetaka bwawa lihimili gharika kubwa kabisa inayoweza kukadiriwa. Sheria ya jimbo iliridhika na nusu yake. Adhabu kali kuliko zote ikawa imemhamisha mkosaji kutoka kwa msimamizi mkali hadi kwa msimamizi mpole.

Tarehe 19 Mei 2020, baada ya mvua kubwa, ukuta ulibomoka, na bwawa la Sanford lililokuwa chini yake likafuata. Watu wapatao 10,000 walikuwa wameamriwa kuhama, na hakuna aliyekufa. Jopo huru la wahandisi lilieleza mwaka 2022 kwamba maji hayakupita juu ya ukuta. Mchanga mlegevu uliolowa ndani yake ulipoteza nguvu ghafla. Wakaguzi wa ngazi zote mbili walikuwa wamebishana miaka mingi juu ya njia za maji, na ugonjwa ulikuwa tumboni mwa ukuta.

Sisi hatukupata bahati ya onyo. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la watu binafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka na kuua watu wasiopungua 47, wengi wao wanawake na watoto. Mamlaka ya Rasilimali za Maji, iliyoundwa kwa Sheria ya Maji ya 2016, ilitangaza kwamba bwawa halikuwa na kibali. Ilitamkwa kana kwamba ni udhuru! Bwawa si bangi ya kufichwa mfukoni. Ofisi inayogundua ukosefu wa kibali baada ya mazishi imejishtaki yenyewe.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Tumeandaa barua ya kudai orodha ya mabwawa yote ya wilaya zetu za jirani: mwenye kila bwawa, kibali chake, tarehe ya ukaguzi wa mwisho na jina la cheo cha aliyekagua. Nakala moja inakwenda kwa Mamlaka, nyingine kwa gavana, ili pasiwe na wa kusema aliambiwa mwenzake. Barua iko juu ya meza karibu na mlango, na kalamu zipo.