Dawa Zikiisha Zahanatini, Mbunge Afanyeje?

Leo tena ni lile lile: dawa zikiisha zahanatini, msimkimbilie mbunge! Juzi mama mmoja alitupigia simu. Mtoto wake ana homa, zahanati imempa karatasi akanunue dawa dukani. Akaenda kwa chifu. Chifu! Chifu ni mtu wa serikali kuu, yuko chini ya kamishna, si chini ya gavana. Chifu akamtuma kwa mbunge, mbunge akaahidi kufuatilia. Homa nayo haikungoja.

Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, iligawa kazi hizi. Zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti, ambulensi: kaunti. Serikali kuu ikabaki na sera ya afya na hospitali kuu za rufaa, kama Kenyatta. Kaunti 47 zilianza kazi 2013, na bado tunabisha mlango usiohusika. Chekechea ni ya kaunti. Shule ya msingi, sekondari na polisi ni serikali kuu.

Kinachoniudhi hasa ni matangani. Mbunge anapewa kipaza sauti anaahidi dawa, mwakilishi wadi anaahidi polisi, nanyi mnapiga makofi! Mtu akikuahidi kazi isiyo yake, utamdai nini akishindwa? Gavana naye yuko kando, kimya, lawama zinaenda kwa wengine. Ukimbana atasema pesa zimechelewa Hazina Kuu. Huchelewa kweli, sikatai. Lakini zilipofika, je, zilinunua dawa au viti vya ofisi?

Wa kumbana gavana ni mwakilishi wadi, ndani ya bunge la kaunti. Wewe unamwendea kwa mchango wa harusi na karo, kisha unashangaa hana muda wa kuuliza maswali.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge hilo kufikia tarehe 30 Aprili, na sheria inataka wananchi wasikilizwe kabla hayajapitishwa. Mama mboga, funga kibanda saa moja uende. Wa boda, egesha pikipiki. Vikao hivyo huwa na viti vitupu na maafisa wanaokunywa chai! Uliza zahanati yenu imetengewa shilingi ngapi za dawa. Wakikwambia swali hilo ni la mbunge, usiondoke. Mwambie karani aliandike kwenye kumbukumbu, na akusomee alichoandika.