Mkuu wa Eksirei Afundishwe Uongozi
(Hotuba kwa wanachama wa hospitalini)

Ndugu wanachama,

Leo twasema juu ya wakuu wa idara za eksirei. Mara nyingi mkuu akistaafu, hutafutwa fundi aliyefanya kazi miaka mingi, akapewa funguo na daftari, akaambiwa, "Haya, endelea."

Fundi huyo ni hodari. Ajua kumlaza mgonjwa, kupima nguvu ya mionzi na kutoa picha safi. Lakini ni nani aliyemfundisha kupanga zamu za watu sita, kufanya hesabu ya fedha za mwaka, au kusikiliza ugomvi wa wafanyakazi wawili bila kupendelea? Ufundi wa mashine ni kitu kimoja, na uongozi wa watu ni kitu kingine.

Katika idara hii kosa la uongozi huingia mwilini mwa mfanyakazi. Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hii huko Ujerumani mwaka 1895, na mafundi wengi wa kwanza waliungua mikono, wengine wakafa. Leo kipimo chajulikana duniani: mfanyakazi asipate zaidi ya milisiveti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5, wala asipite 50 katika mwaka wowote mmoja. Beji tuvaayo kifuani ndiyo hupima. Lakini mkuu asipoipeleka ikasomwe, asipoandika hesabu yake na kumwonyesha mwenye beji, basi hiyo ni pambo tu.

Kwa hiyo twataka kila mkuu afundishwe mambo manne:

1. Kupanga zamu kwa haki, ili usiku na sikukuu zisiwaangukie wale wale.

2. Kutunza vyombo. Mashine ikaguliwe kwa tarehe, na aproni za risasi zitazamwe kama zina nyufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mashine ikifa, mgonjwa aliyevunjika mguu hurudishwa nyumbani.

3. Kujua sheria: ile ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, ambayo yamtaka tajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aunde kamati ya usalama, na ile ya mambo ya nyuklia ya 2019, inayosimamia matumizi ya mionzi.

4. Kusema na watu. Mama akija kusema ana mimba, abadilishiwe kazi inapohitajika, wala asionekane mvivu.

Ndugu, hatusemi haya kwa kuwachukia wakuu. Wengi wao ni wanachama wenzetu, nao wamebanwa: ofisi kubwa yawasukuma kutoka juu, na sisi twalalamika kutoka chini. Kumpa mtu mzigo bila kumwonyesha namna ya kuubeba ni kumwonea yeye pamoja na walio chini yake.

Tangu 2013 hospitali nyingi za serikali zimekuwa chini ya kaunti. Basi wajumbe wetu walipeleke dai hili huko, liandikwe katika mapatano: mkuu mpya apate mafunzo ya uongozi kabla ya kushika kazi, kwa gharama ya tajiri, na mshahara wake usikatwe siku za masomo. Wakuu waliopo nao wapewe nafasi hiyo.

Kila tawi lizungumze jambo hili katika mkutano wake ujao, na katibu atuandikie maoni yenu.

Umoja ni nguvu.