Juu ya Kununua Pikapu Kuukuu



Nimeombwa niseme machache juu ya pikapu kuukuu, maana wengi wetu twazitamani kwa ajili ya mashamba. Mimi nilikuwa na akiba ya miaka sita, na mdogo wangu aliyeko shamba alikuwa akingoja gari la kuchukulia mpunga wake. Nikaonyeshwa Toyota Hilux ya mwaka 1996, ya dizeli; bei yake rahisi, rangi yake yameta.

Nilifika alfajiri kama tulivyoagana, nikaweka mkono juu ya boneti: ina moto. Kwa nini imetangulia kuwashwa? Injini baridi ndiyo isemayo kweli. Hapo ndipo uonapo moshi wa buluu, yaani oili inayoungua. Fundi wangu akaingia chini. Chasisi ilikuwa imepakwa rangi mpya nyeusi, lakini alipoichoma kwa bisibisi ncha ilipenya, kwani ndani imeliwa na kutu. Injini yaweza kubadilishwa. Chasisi ndiyo mifupa ya gari.

Sikununua. Mdogo wangu alininunia mwezi mzima, na mpunga ukaenda kwa gari la kukodi. Hata hivyo akiba ingali ipo, na karo ya watoto imelipwa.

Basi, mabwana, nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji. Linganisheni namba ya chasisi na kadi. Tena wekeni kando fedha za matengenezo kabla ya kutoa bei. Rahisi huvunja upishi.