Pumzi ya tano hufiki

Wengi huacha kutafakari mapema, wakidhani wameshindwa kwa sababu mawazo hayatulii. Unakaa, unafumba macho, unaanza kuhesabu pumzi; hujafika ya tano, tayari uko kwenye kodi ya nyumba, ada ya mtoto na ujumbe wa shemeji ambao hujaujibu.

Hapo hujaharibu kitu. Mwaka 2010, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha utafiti uliowauliza watu wazima 2,250, kupitia simu zao, wanafanya nini na wanawaza nini saa hiyo. Karibu asilimia 47 ya nyakati, akili ilikuwa kwingine.

Kwa hiyo anayekwambia uondoe mawazo yote anakutwisha mzigo wa bure. Zoezi lenyewe ni pale unapogutuka kwamba umepotea, ukarudi kuhesabu moja. Umerudi mara ishirini? Basi umefanya zoezi mara ishirini. Waumini wanalijua hili zamani: hata katikati ya sala, bei ya mchele huingia bila hodi.

Dakika tano zatosha kuanzia. Simu, tafadhali, ibaki chumba kingine.