Kijiti, Kopo na Kabati la Karani



Tumetakiwa kusema machache juu ya vifaa vya kufundishia sayansi na maarifa ya jamii. Wengi wetu tu wazazi, na baadhi yetu walikuwa waalimu kabla ya kushika kalamu ya ofisi. Malalamiko twayajua: ramani hakuna, vyombo hakuna, na mtoto hukariri majina ya vitu asivyopata kuviona. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini twaona kwamba, katika kungoja sanduku litoke ng'ambo, tumeviacha vilivyo mlangoni.

Tazameni kijiti. Kijiti cha mita 1, kikisimamishwa wima uwanjani hapa Dar es Salaam, chatosha kumwonyesha mtoto mwendo wa jua mwaka mzima. Karibu na tarehe 21 Juni, jua lifikapo kileleni, kivuli chake huelekea kusini, urefu wake sentimita 58 hivi. Karibu na tarehe 22 Desemba huelekea kaskazini, nacho ni sentimita 30 tu. Na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, kivuli hutoweka chini ya kijiti. Mtoto mwenye macho atauliza kwa nini hakiwi kifupi kabisa saa sita kamili, bali baadaye kidogo. Hapo mwalimu amepata mlango: saa zetu zafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu na nyuzi 39.

Kadhalika kopo lenye pande zilizonyooka, pamoja na rula, hupima mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi paa lililofunika mita 20 kwa 10, likinyeshewa milimita 100, hutoa lita 20,000. Tulipowapa watoto wa shule moja hesabu hii, hawakuuliza khabari ya mtihani; waliuliza kwa nini wao huchota maji mbali.

Huenda mtu akasema kwamba hivi ni vitu vya kitoto. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba mwaka 1963 alipoona maziwa yake ya moto yakiganda upesi kuliko ya mwenzake yasiyochemshwa. Swali lake lilichekwa. Mwaka 1969 lilichapwa katika jarida la fizikia, pamoja na Dakta Denis Osborne, na wataalamu wangali wakishindana juu yake.

Lakini kopo hupima mvua ya mwaka huu tu. Ile ya miaka iliyopita imo makabatini mwetu. Twaungama mbele yenu: katika ofisi moja tuliyoitumikia tuliamriwa kusafisha ghala, tukachoma madaftari ya mvua pamoja na karatasi zilizoliwa na mchwa. Hatukuuliza kama yuko ayatakaye. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja alikuja kuyaomba. Tulimwambia kwamba hayapo, hatukumwambia yalikokwenda.

Hata maarifa ya jamii yamo katika tarakimu tunazozipiga chapa kila siku. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba Tanzania ina watu zaidi ya milioni 12. Ya mwaka 2022 ilionyesha 61,741,120. Mpe mtoto tarakimu hizo, kisha umtume kwa bibi yake akaulize kisima kilikuwa wapi zamani zile, na njia ilipita shamba la nani. Watoto wawili wakirudi na majibu yasiyopatana, mwalimu asiwanyamazishe, maana hilo ndilo somo lenyewe.

Kwa hiyo twaomba kila tawi linakili mvua ya miaka kumi ya wilaya yake, na hesabu ya watu wake, kwa ajili ya shule iliyo jirani. Ruhusa ya mkuu wa ofisi ipatikane kwanza, maana hatupendi mwanachama aitwe kujieleza kwa ajili yetu. Tawi letu litaanza Jumamosi, saa nane mchana. Karatasi zipo, tunahitaji watu watatu wenye mwandiko unaosomeka.