Sungura ni wa Chungu Kwanza

(Mazungumzo ya kamati ya mifugo katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi, Olasiti)



Habari za hisa, mikopo na sanduku letu la kufuli tatu zimeshaelezwa. Sisi mmetuomba tuseme habari za sungura: kufuga, kuchinja na kupika. Mwishoni tutatoa maoni yetu juu ya lile shauri la kukopa ili kujenga banda moja la majike 100, maana mkutano ujao utaliamua.

Kwa nini sungura? Kwa mila zetu nyingi za huku Meru, ng'ombe ana mwenyewe, na mwenyewe ni baba. Mbuzi naye akichinjwa, nyama yake ina wagawanaji. Sungura anaingia sufuria moja na anaisha jioni moja, bila friji. Mama akiona watoto wamekula majani wiki nzima, anaamua mwenyewe. Mwaka 2020 tuliliona jambo hili kwa macho. Korona ilipozuia watalii, nyumba nyingi hapa kwetu zilikosa mshahara, kwani baba ni dereva wa safari, kijana ni mpagazi wa mlimani, dada anafua mashuka hotelini. Buchani hakuendeki. Lakini mwenye vizimba alichinja mmoja Jumapili, na nyumba ikanukia kama nyumba.

Mpango wetu mnaujua: kopa jike, lipa jike. Mwanachama anapewa majike wawili. Wakizaa anarudisha majike wawili wachanga wenye afya, wanakwenda kwa mwenzake. Dume tunashirikiana, kwani dume mmoja anatosha majike kumi. Fedha haitoki sandukuni.

Sasa hesabu. Jike aliyefikisha miezi 5 au 6 anapelekwa kwa dume. Si dume anayepelekwa kwa jike, maana jike akiwa kwake ni mkali. Mimba ni siku 31 hivi. Siku ya 28 weka sanduku lenye nyasi kavu. Mama mwenyewe atanyofoa manyoya yake ya tumboni awatandikie. Vitoto huzaliwa vipofu na bila manyoya, macho hufunguka baada ya siku 10 hivi. (Yule Sungura mjanja wa hadithi ni wa porini, mnyama mwingine kabisa: wake huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi. Waambieni watoto, mioyo yao itulie.) Waachishe ziwa wiki ya 6, umpumzishe mama kidogo, kisha arudi kwa dume. Hivyo jike anazaa mara 4 kwa mwaka bila kuchoshwa. Tukihesabu wanaokua ni 5 kila uzao, majike wawili wanatoa 40 kwa mwaka. Ukila mmoja kila wiki mbili, umekula 26, na 14 wanabaki wa kuuza au kulipa deni. Hiyo si hesabu ya utajiri, akina mama. Ni hesabu ya chungu.

Banda liinuliwe kutoka chini kadiri ya kiuno. Sakafu iwe ya waya au fito zenye nafasi ndogo, ili kinyesi na mkojo vidondoke. Unyevu ndio unaoua vitoto masika, maana ugonjwa wa kuharisha wa koksidia unakaa kwenye kinyesi kibichi. Miguu ya banda isimame ndani ya makopo yenye oili chafu, la sivyo siafu watamaliza uzao mzima usiku mmoja. Juni na Julai, baridi ya mlimani ikishuka, ning'iniza gunia upande wa upepo. Kinyesi kipeleke kwenye tuta la mchicha.

Chakula: matete, mchunga, majani ya viazi vitamu, majani ya mgomba, na pumba kidogo. Majani yenye umande usiwape. Yaanike nusu siku yanyauke, maana tumbo likivimba, sungura hawezi kutapika. Pumba zenye ukungu ni sumu. Majani ya mparachichi ni sumu pia, nasi tumezungukwa na miparachichi, basi watoto wanaokata majani wafundishwe. Vilevile majani ya nyanya na ya viazi mviringo. Maji safi kila siku. Masikio yakiwa na magamba ni ukurutu. Mtenge, umwite bwana mifugo.

Tuje kwenye kisu. Chagua wa miezi 4 au 5, mwenye kilo 2 na zaidi. Usiku wa kuamkia mnyime chakula, maji mwachie. Mshike kwa ngozi ya shingoni na umbebe makalio kwa mkono wa pili. Usimwinue kwa masikio, na usimkimbize uani, kwani nyama ya mnyama aliyetishwa hukakamaa. Katika sherehe zetu mwenzetu Mwislamu huchinja kwa kisu kikali na bismillahi, ili kila mgeni aliyeruhusiwa na dini yake aweze kula. Wasabato hawali, na Waislamu wa Shia hawali. Hao tusiwabembeleze, wala sufuria yao tusiiazime.

Mtundike kwa miguu ya nyuma, damu imwagike yote. Kata ngozi kuzunguka vifundo vya miguu, pasua katikati ya mapaja, kisha vuta kwenda chini kama unavyomvua mtoto sweta. Fungua tumbo polepole. Ukipasua nyongo au kibofu nyama imeharibika. Tazama ini: likiwa jekundu na laini, hilo ni la mpishi. Likiwa na madoa meupe, litupe, na bwana mifugo aje aangalie waliobaki. Osha, funika, acha saa chache nyama ilegee. Kisha kata: miguu minne, mgongo vipande vitatu, mbavu. Mifupa yake ni membamba na ina ncha. Tumia kisu kwenye maungio, usitumie panga.

Kupika. Nyama hii haina mafuta mengi, ukiikaanga kavu inakuwa kamba. Ipake tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu, ikae saa moja. Ikaushe rangi kwa mafuta ya alizeti, weka vitunguu, nyanya na karoti, maji ya kufunika, kisha moto mdogo saa moja au zaidi. Ikikaribia kuiva tia ndizi mshare zilizomenywa. Kichwa na mbavu ni supu ya mzazi. Ugali nao haukatai.

Sasa lile banda la majike 100. Wanaolitaka wana sababu: kazi itakuwa pamoja, na hoteli za mjini zinataka nyama kwa wingi. Tunawaheshimu. Lakini majike 100 wanataka gari la majani, si kikapu cha mtoto. Ugonjwa ukiingia kizimba kimoja umeingia vyote, na deni linabaki na riba yake. Soko lenyewe bado dogo. Kilombero na Mbauda mteja huuliza ng'ombe, mbuzi, kuku na samaki kabla ya sungura. Miaka ya 2010, Kenya na hata kwetu, watu wengi walihimizwa kununua mbegu za sungura kwa bei kubwa wakiahidiwa soko. Aliyeuza mbegu alipata. Aliyenunua alibaki na vizimba vimejaa na hana wa kumuuzia, na kwa kuwa nyumbani kwake hawakuzoea kumla, hata chungu hakikufaidi.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Vizimba vibaki kwenye nyua zetu, viwili vitatu kila nyumba. Anayetaka kuuza, auze ziada. Wenye ziada tukikutana kumi tunaweza kuipelekea hoteli moja bila kukopa shilingi. Siku hoteli zikituomba kuliko tunavyoweza kutoa, hapo ndipo tuzungumze banda. Na kabla ya hapo twendeni Chuo cha Mifugo Tengeru tukaulize, si mbali.

Mkutano ndio wenye neno. Sisi tumesema letu. Chakula kiko tayari kule nyuma, sufuria mbili za sungura kwa ndizi, na ya tatu ya maharage kwa wasiokula. Karibuni, na Mungu atupe miaka mingine 10.