Rubani Aliyechoka na Haki ya Kukataa

(Hotuba kwa waumini na wanaharakati wa mageuzi wa Kitui na Makueni)



Najua baadhi yenu mnajiuliza rubani ana shida gani. Tumezoea kumtetea mkulima wa pamba na mwalimu aliyecheleweshewa mshahara. Rubani huvaa shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani. Hata hivyo nawaombeni mnisikilize.

Sisi wa Makueni twaishi kando ya barabara ya Mombasa. Kutoka Sultan Hamud hadi Mtito Andei, nani kati yetu hajaamshwa usiku na kishindo cha gari ambalo dereva wake alisinzia? Sheria yasema dereva wa gari la abiria asiendeshe zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Dereva anaijua, na tajiri wake anaijua. Lakini dereva anajua pia kwamba nje ya lango wamesimama wenzake kumi wasio na kazi. Sasa mpandisheni mtu huyo angani.

Kijana amalizapo masomo ya urubani pale Wilson, pengine baada ya baba yake kuuza shamba, leseni peke yake haimpatii kazi nzuri. Mashirika makubwa hudai saa za kuruka, mamia kwa mamia, na saa hizo hupatikana katika mashirika madogo yenye ndege za abiria kumi na wachache. Hapo saa za kuruka hugeuka kuwa sehemu ya mshahara. Mwenye ndege asiyemcha Mungu hulitumia jambo hilo. Kijana atalipwa kidogo, atalala kidogo, ataondoka alfajiri na kupakia mizigo mwenyewe. Akiona hitilafu atasitasita kuiandika, maana akiandika, huenda kesho asipangiwe safari.

Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air, shirika dogo la Marekani, ilianguka karibu na Buffalo ikitoka Newark. Wote 49 waliokuwamo walikufa, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Wachunguzi walisema nahodha alivuta usukani kinyume cha ipasavyo ndege ilipopungukiwa na kasi. Hilo ni kosa lake, wala silifichi. Lakini waliuliza pia: watu hawa walilala wapi? Rubani msaidizi, aliyeishi kwa wazazi wake karibu na Seattle, alisafiri usiku kucha kuvuka nchi nzima ili afike kazini. Nahodha alilala katika chumba cha wafanyakazi uwanjani. Wachunguzi wakasema huenda uchovu ulipunguza uwezo wao. Jamaa za marehemu hawakuishia kulia. Walikwenda Bungeni kikao baada ya kikao, hata sheria mpya ikapitishwa mwaka wa 2010, na kanuni mpya za mapumziko ya marubani zikaanza kutumika Januari 2014.

Na kwetu? Mwaka wa 1980 chama cha watumishi wa serikali kilipigwa marufuku, kikaandikishwa tena mwaka wa 2001. Kifungu cha 2A kilipoondolewa Desemba 1991, wengi walidhani tulikuwa tumepigania vyama vya siasa tu. Aliyefunzwa kunyamaza mbele ya chifu hunyamaza pia mbele ya tajiri. Leo Katiba ya 2010, Kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022, mahakama iliwaamuru warudi kazini, na wengi wetu tuliwalaani kwa safari zilizoharibika. Mimi nami nilinung'unika. Lakini wale walikuwa na chama cha kuwasemea. Rubani wa ndege ndogo, aliye peke yake katika kiwanja cha vumbi huku abiria wakimtazama, mara nyingi hana wa kumsemea.

Torati iliagiza hata ng'ombe na punda wapumzike. Kwa hiyo, Mwenyekiti, naomba maazimio ya leo yawaambie wabunge wetu mambo mawili: rubani anayekataa kuruka kwa sababu ya uchovu asiweze kufutwa kazi kwa ajili hiyo, na ripoti za uchunguzi wa ajali za ndege zifikishwe kwa jamaa za marehemu bila wao kuzibembeleza. Karatasi ya sahihi iko pale mlangoni, kwa katibu.